Chapa ya Tatu ya Kitabu cha Godi

Septemba 3, 1998

Daktari amesema niandike. Kila siku, hata mstari mmoja: amekula nini, amesahau nini, amekasirika mara ngapi. Nikamwambia mimi nimeandika miaka thelathini, ila namba tupu. Akacheka, akadhani namtania.

Basi naandika. Mume wangu ni Gottfried Zurbuchen, kijiji kizima kinamwita Godi, miaka sitini na minane, fundi wa reli mstaafu. Ndiye mwandishi wa kile kitabu cha rejea cha bunduki za kale za jeshi letu ambacho wakusanyaji hawaendi mnadani bila kukibeba kwapani. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka sitini na tisa, ya pili themanini na moja. Ya tatu mchapishaji anaitaka mwisho wa Novemba. Kitabu ni cha Godi, lakini kila herufi iliyomo niliipiga mimi kwa taipureta hii hii iliyo mezani jikoni. Jina langu silioni humo. Kuna shukrani tu, ukurasa wa nne: "na kwa mke wangu, kwa subira yake." Sijawahi kuwa na subira. Nilikuwa na kasi.

Leo amekula vizuri. Amesahau jina la mbwa wetu. Mbwa mwenyewe alikufa miaka sita iliyopita, kwa hiyo sijui kama hilo lihesabiwe. Ameuliza mara tatu posta imeleta nini.

Septemba 5

Mvua. Viazi. Posta imeleta nini, mara nne.

Septemba 9

Nieleze kazi yetu, maana huyu daktari ni wa mjini na hajawahi kushika hata mtutu.

Nyuma ya kitabu kuna fomu. Mwenye bunduki anaijaza na kututumia: namba ya bunduki, mwaka, mbao ni za mti gani, ina mihuri gani, na chini ya bamba la kitako kuna kikaratasi au hakuna. Hilo la mwisho ndilo wanalolipenda. Askari wetu hukaa na bunduki zao nyumbani, na tangu zamani wana desturi ya kufungua lile bamba la chuma kwenye kitako na kuficha chini yake kikaratasi chenye jina, mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Mkusanyaji akinunua bunduki, kabla hajavua koti anatafuta bisibisi aone ilikuwa ya nani.

Fomu zikifika nazinakili mimi kwenye kadi, kwa mwandiko tuliofundishwa na mwalimu Gerber: moja iwe na pua ndefu, saba ifungwe kistari kiunoni kama mkanda, sifuri isifanane na yai lililopasuka. Kadi ndizo anazozisoma Godi. Fomu hajawahi kuzigusa. Tumefikisha kadi elfu sita na mia nne, na chapa ya pili ilipotoka tulihesabu makosa kumi na moja, yote ya mtambo. Langu halikuwepo hata moja. Nililitangaza hilo kwenye kila sherehe mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Leo nimevuta droo ya tatu nianze kupiga chapa, nikakuta kadi imefutwa kwa kifutio na kuandikwa upya kwa penseli. Ilikuwa 641 902. Sasa ni 678 237. Kadi iliyofuata nayo 678 237. Ya tatu pia.

Nikamwuliza, "Godi, hizi umezirekebisha wewe?"

"Zilikuwa na makosa."

"Zote zina namba moja."

"Basi makosa yalikuwa mengi," akasema, akaendelea kula supu.

Septemba 17

Alhamisi ni siku ya Köbi Stalder. Alikuwa fundi wa bunduki kwenye ghala la silaha, sasa amestaafu na anakuja kwetu na soseji kubishana na Godi. Nimemwonyesha kadi. Zimefika arobaini na tatu.

"Huyu anatuvurugia kitabu," akasema kwa sauti ya chini.

"Havurugi makusudi."

"Panya pia hawaharibu makusudi, Käthi."

Namba yenyewe Köbi haimwambii chochote. Tumekubaliana tuhamishie kadi kwenye kabati la chumba cha kulala na kumwachia Godi droo moja ya kadi tupu acheze nazo. Nimejisikia mwizi nyumbani mwangu.

Kisha Köbi akarudia wimbo wake wa kila mwaka, bunduki ya Mwingereza, mmoja wa waliotutumia fomu. Ni ile 618 231, ukurasa wa 212 na 213. Namba yake ni ya mapema lakini mihuri na mbao zake ni za bunduki zilizotengenezwa baadaye sana. Godi aliandika kurasa mbili nzima kueleza kwamba lazima kiwanda kiliruka namba kadhaa na kuja kuzijaza baadaye. Wakusanyaji wamegombana juu ya kurasa hizo kwa miaka kumi na saba. Nawajua wanaume wawili wa Basel ambao hawasalimiani kwa ajili yake.

"Mimi siamini," Köbi akasema. "Nilifanya kazi na watu wa kiwanda kile. Wangeruka namba moja wangelala hospitali. Nionyeshe fomu yenyewe."

"Iko darini, chini ya vitu vyote tulivyowahi kununua."

"Basi hizo kurasa zitoke."

Godi akainua kichwa kwenye soseji. "Hazitoki," akasema. Siku hizi hajui ni mwezi gani, lakini alijua tunazungumzia kurasa zipi.

Septemba 22

Regula, binti yetu, amepiga simu kutoka Zürich. Amepata nyumba nzuri ya wazee, ina bustani. "Mama, mtachoka wote wawili." Nikamwambia sijachoka. Nimekata simu nikalala na viatu.

Septemba 27

Amenirushia kifutio. Amegundua droo yake ina kadi tupu.

"Za kwangu ziko wapi?"

"Ziko salama."

"Namba ni ile moja tu. Zingine zote ni za watu."

Sikuelewa. Nilidhani ni ugonjwa unaosema.

Oktoba 2

Ukungu. Posta imeleta nini, mara tisa.

Oktoba 6

Köbi amechukua makomeo ya bunduki zote kumi na nne ukutani, vile vyuma ambavyo bila hivyo hazifyatui, akayafungia kwake. Mgonjwa na bunduki nzima havikai chumba kimoja, hilo hata mimi nalijua. Godi alimtazama akiyang'oa moja moja. Baadaye akaniuliza kwa nini Köbi haji siku hizi.

Oktoba 11

Leo naandika mengi na viazi viungue vikitaka.

Nilipanda darini kutafuta blanketi la sufi. Kwenye sanduku la mama mkwe, chini ya mapazia, kulikuwa na kijitabu cha kijivu cha utumishi wa jeshi. Cha Fritz. Fritz alikuwa kaka yake Godi, kamzidi miaka minane. Februari arobaini na nne alikuwa zamu mlimani na wenzake wawili, poromoko la theluji likawafukia. Nilijua hivyo tu, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyemzungumzia. Baba mkwe aliondoa mpaka kiti chake mezani.

Kwenye kijitabu, ukurasa wa silaha, pameandikwa: bunduki namba 678 237.

Nimekaa kwenye sanduku mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeishi na mwanamume miaka arobaini na mbili. Nimempigia chapa namba elfu sita na mia nne. Nilidhani anapenda bunduki.

Oktoba 12

Asubuhi huwa ndiyo saa yake nzuri. Nikaweka kijitabu mbele yake, kando ya kikombe.

Alikishika muda mrefu. Kisha akaanza kusema, sauti yake ile ya zamani, na kwa robo saa nilikuwa na mume.

"Waliichimbua Mei, theluji ilipoyeyuka. Yeye walimleta, bunduki wakairudisha ghalani. Ilikuwa nzima. Wakaisafisha wakampa kijana mwingine."

"Ndiyo kawaida, Godi."

"Kawaida. Lakini kikaratasi kilikuwa changu. Fritz mwandiko wake ulikuwa wa kuku, akanipa kalamu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliandika mimi, tukakifungia pamoja kwenye kitako, mimi nikakaza skrubu moja, yeye moja."

"Hukwenda kuuliza?"

"Nilikwenda. Walisema daftari za ghala si za raia." Akageuza kijitabu. "Ukiuliza namba moja, Käthi, watu wanataka kujua kwa nini. Ukiuliza namba zote, wanakuita mtaalamu."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ungeitafuta usiku na mchana. Nilitaka ije yenyewe na posta."

Nikamwuliza kama iliwahi kuja. Lakini robo saa ilikuwa imekwisha. Akaniuliza kijitabu hiki ni cha nani.

Oktoba 14

Nimepitia kadi zote, droo kumi na mbili. 678 237 halisi haimo. Haikuwahi kuja. Nimelia kidogo, nikapika.

Oktoba 18

Upepo wa joto umeshuka kutoka mlimani tangu jana, kichwa kinaniuma, na ng'ombe wa jirani wanapiga kelele zizini. Köbi alikuja Jumapili badala ya Alhamisi, akasema kwa kuwa nimekwisha kuzoea kupanda dari, basi tuitafute hiyo fomu ya Mwingereza imtoke rohoni.

Tuliipata kwenye kisanduku cha viatu cha mwaka sabini na nane. Bwana Harold Pickersgill, Yorkshire. Wino wa bluu. Mahali pa kikaratasi alikuwa ameandika kwamba skrubu zimeshika kutu, hajaweza kufungua. Köbi akavaa miwani yake ya kazi, ile ya kukuza, akasogea dirishani. Aliisoma mara mbili. Köbi harudii kusoma kitu.

"Käthi," akasema. "Waingereza saba zao wanaandikaje?"

"Kama watu wote."

"Hawazifungi mkanda."

Nikachukua karatasi. Sita. Halafu kijiti chenye pua ndefu, bila mkanda, ambacho mwanafunzi yeyote wa mwalimu Gerber angekisoma moja. Nane, mbili, tatu. Halafu kijiti kingine cha pua ndefu. Lakini chini zaidi, palipo na mwaka alioinunua, Bwana Pickersgill ameandika moja yake halisi. Ni mstari uliosimama tu, hauna pua wala chochote. Ulikuwepo hapo hapo sentimita nne chini ya kidole changu, ningeutazama tu.

Si 618 231. Ni 678 237.

Ndiyo maana mihuri ilikuwa ya baadaye. Kiwanda hakikuruka kitu. Wanaume wawili wa Basel hawakuwa na sababu ya kugombana. Bunduki ya Fritz ililetwa na posta, mlangoni kwetu, Machi sabini na nane, mimi nikaipokea, nikakaa nayo mezani hapa na kikombe cha kahawa, nikaiandika vibaya kwa mwandiko safi. Na Godi akaiandikia kurasa mbili bila kujua kuwa ndiyo.

Köbi alinishika bega. "Yeyote angesoma hivyo."

"Yeyote hakuwa mimi."

Oktoba 19

Sikuandika kitu.

Oktoba 20

Nimemwambia. Nilingoja saa yake nzuri, nikaweka fomu na kijitabu pamoja, nikamweleza polepole. Alielewa yote. Nilitazama anavyoelewa.

"Miaka ishirini," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa Uingereza miaka ishirini, na mimi naiandikia upuuzi."

"Kosa ni langu, Godi. Nisamehe."

Alikwenda kulala saa nne asubuhi, akageukia ukuta.

Oktoba 21

Kaamka mchangamfu. Posta imeleta nini?

Nilitamani ninyamaze, lakini nimekwisha kuwa mwongo wa miaka ishirini bila kujua, sitaki kuwa wa kujua. Nikamwambia tena, mwanzo mpaka mwisho. Leo alicheka mpaka akakohoa. "Saba za Mwingereza! Köbi kaambiwa? Atakufa kwa furaha." Akanibusu paji la uso. Nikadhani yamekwisha.

Oktoba 23

Mara ya tatu. Leo alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Kwamba nilikosea makusudi, kwamba sikumpenda Fritz. Sikuwahi kumwona Fritz, nilikuwa na miaka kumi na moja alipokufa, kijiji kingine.

Kwa hiyo nimesamehewa mara moja, nimelaaniwa mara moja na nimegeuziwa ukuta mara moja, na hakuna hata kimoja kilichobaki. Kesho nikitaka naweza kuanza upya. Hili ndilo ambalo sikulijua kuhusu ugonjwa huu. Msamaha wake haukai.

Oktoba 25

Nimemwandikia Bwana Pickersgill. Regula alinitafsiria kwa simu, sentensi baada ya sentensi. Tulipofika mwisho akasema, "Mama, habari za ile nyumba ya wazee tuziache kwanza." Namba zote kwenye barua nimeziandika kwa maneno.

Oktoba 31

Hakuna.

Novemba 4

Sista Beatrix wa huduma ya nyumbani ameanza kuja Jumanne na Ijumaa kumwogesha. Mikono mizuri, miguu mikubwa. Godi anampenda. Anamwonyesha bunduki moja moja na kumweleza mihuri, na hakosei hata mmoja. Jina langu jana lilimchukua muda.

Novemba 7

Ukungu hauondoki. Leo ni mimi niliyesimama kwenye sanduku la barua.

Novemba 10

Hakuna. Mchapishaji kapiga simu.

Novemba 12

Leo si siku ya Sista. Nilikuwa namfunga vifungo, akaniambia, "Asante, Sista." Nikasema karibu. Ningesema nini?

Novemba 13

Nimepiga chapa kurasa kumi na tisa. Vidole bado vinaweza. Kila saba naitazama mara mbili.

Novemba 17

Theluji ya kwanza. Godi alisimama dirishani asubuhi nzima. Alisema, "Wamwambie asipande leo." Nikamwambia nitawaambia.

Novemba 20

Imekuja. Bahasha nene yenye stempu ya malkia, na si ya Harold Pickersgill bali ya mke wake, Doreen. Regula amenisomea kwa simu, mimi nikimtajia herufi moja moja.

Harold alifariki miaka mitano iliyopita. Bunduki zake mama huyu hakuzitaka nyumbani, akazipeleka polisi, nazo zikakatwa na kuyeyushwa. Anasikitika sana, hakujua. Lakini Harold, miaka kadhaa baada ya kutuma fomu, alifaulu kulegeza zile skrubu. Kilichokuwa chini ya bamba alikihifadhi ndani ya kitabu cha Bwana Zurbuchen, ukurasa wa 213, penye bunduki yake. Aliona jina linafanana na la mwandishi, na namba yake kitabuni imekosewa. Kila msimu wa baridi alisema ataandika kuuliza, na kila msimu alisema wataalamu wana shughuli nyingi, asiwasumbue. "Nakiambatanisha," ameandika Doreen. "Natumaini hakijachelewa sana."

Kikaratasi ni kidogo kuliko kidole changu kirefu, kimekuwa cha rangi ya chai, kina madoa ya mafuta. Mwandiko wa mtoto anayejitahidi:

Zurbuchen Fritz, 1922. Ukiipata, irudishe nyumbani.

Zile mbili za ishirini na mbili zina mkia wa kupinda. Godi anaziandika hivyo mpaka leo.

Novemba 21

Saa yake nzuri. Nilimpa kikaratasi kwenye sahani ndogo kisishike jasho. Alivaa miwani. Alikisoma, akakigeuza, akakinusa kama anavyonusa mbao.

"Mafuta ya jeshi," akasema. "Kitu halisi hiki."

"Kimeandikwa na nani, Godi?"

"Mtoto. Ana mwandiko mzuri." Akanirudishia. "Waliirudisha?"

"Nini?"

"Bunduki. Anasema irudishwe."

Nikasema imerudi. Akaitikia kwa kichwa, akauliza posta imeleta nini.

Nilikwenda kusimama kwenye theluji na viatu vya ndani. Miaka hamsini na minne kitu kinatembea kurudi kwake, kimepita ghalani, kimepita kwa kijana mwingine, kimevuka bahari, kimelala kitabuni, na kimechelewa mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu, na ile miaka ishirini yangu.

Novemba 24

Köbi na mimi tumemaliza. Kurasa za 212 na 213 zimetoka. Tumeingiza namba 678 237: mbao, mihuri, mwenye nayo wa kwanza Zurbuchen Fritz, kikaratasi kipo, bunduki imeharibiwa. Chini yake nimepiga: "Katika chapa ya pili bunduki hii iliorodheshwa kama 618 231. Kosa ni la mpiga chapa, Käthi Zurbuchen."

"Si lazima uweke jina," Köbi akasema.

"Miaka yote nilisema jina langu halimo. Sasa limo."

Novemba 26

Nimebuni jambo. Asubuhi kabla hajaamka natia kikaratasi kwenye bahasha ya Doreen pamoja na ile fomu ya bluu, nakwenda kuitumbukiza kwenye sanduku letu la barua nje. Akiuliza posta imeleta nini, namwambia twende tukaone.

Anaifungua mwenyewe. Jana alikuwa na furaha. Leo alikitazama tu akala mkate.

Novemba 28

Leo alilia, akataja jina la Fritz, akanishika mkono. Sikumwambia habari ya kosa. Nilitaka abaki naye kidogo bila mimi katikati.

Novemba 30

Köbi amekuja mapema kuupeleka mswada mjini. Theluji ilikuwa nyingi, akabaki garini barabarani, injini ikiunguruma. Mswada ulikuwa mezani umefungwa kwa kamba, nami natafuta koti nimpelekee garini, Godi akatoka nje mwenyewe akarudi na bahasha. Kumbe leo hakuuliza. Alikwenda tu.

Akakaa, akavaa miwani. Kikaratasi akakiweka kando. Alichokishika ni fomu. Akaikunjua, akaisogeza kwenye taa, akaleta na kioo cha kukuzia kutoka droo ya visu, ambako mimi sikujua kipo.

"Sista," akaniita. "Njoo uone kitu."

Nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Hii tuliiorodhesha vibaya. Unaona hapa? Mwingereza hafungi saba mkanda. Tuliisoma moja." Kidole chake kilishuka sentimita nne. "Moja yake ni hii hapa. Imesimama tu."

Aliona kwa dakika mbili tu. "Kweli," nikasema.

"Ni kosa la kunakili." Akavua miwani, akatazama mlango wa chumba cha kulala, akashusha sauti. "Mke wangu ndiye anayenakili. Hajawahi kukosea. Anajivunia sana jambo hilo, unajua, analitaja hata kwenye harusi za watu."

"Nimesikia."

"Litamuua hili." Akafikiri. "Mchapishaji hajaja?"

"Bwana Stalder yuko nje, anasubiri kuuchukua mswada."

"Basi haraka. Ifungue, tafuta ukurasa. Iandikwe kosa ni la mwandishi. Macho yangu hayakuwa mazuri, watu wataamini."

Nikafungua kamba. Ukurasa ulikuwa juu juu, naujua ulipo. Aliutazama bila kuusoma, akaniuliza, "Unaweza kupiga taipureta, Sista?"

"Kidogo."

"Piga taratibu basi. Yeye ana kasi, akisikia kasi atadhani ni yeye."

Nikaketi. Nikaweka karatasi mpya, nikapiga kila kitu upya, namba, mbao, mihuri, jina la Fritz, herufi moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja. Kosa ni la mwandishi, G. Zurbuchen. Köbi alipiga honi mara mbili. Godi alikuwa amesimama kando yangu akilinda mlango wa chumba cha kulala.

"Na usimwambie Käthi," akasema.

Nikamwambia sitamwambia.